Nabii Mbele ya Mfalme: Neno la Kweli Lapimwaje?

Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Ni ushauri wenye busara yake, na wengi wameponea papo hapo. Hata hivyo, maandiko ya Waebrania yamejaa wahusika waliokataa kumpisha mwenye nguvu. Hao ni manabii waliosimama mbele ya wafalme wa Israeli na Yuda wakanena yale ambayo mshauri wa kawaida asingethubutu kuyanena. Wahusika hawa wamewavutia wanafunzi wa fasihi kwa muda mrefu, na aghalabu husomwa kama kielelezo cha awali cha msanii mpinzani: mtu mmoja mnyonge anayeikabili dola kwa silaha ya neno. Makala haya yanashikilia kwamba usomaji huo una nusu ya ukweli tu, na kwamba nusu iliyoachwa ndiyo yenye manufaa zaidi kwa jamii. Upinzani si kipimo cha unabii, wala ukali wa maneno si kipimo. Swali kuu katika visa hivi ni jingine kabisa: mtawala, na raia walio chini yake, watalitambuaje neno la kweli wakati ambapo kila msemaji anadai kutumwa na Mungu?

Kwanza ni vyema dhana yenyewe ifafanuliwe. Neno nabii limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, nalo ni ndugu wa neno la Kiebrania navi. Katika mazungumzo ya kila siku, nabii huchukuliwa kuwa mtabiri, mtu anayeona yatakayotokea kesho. Kitabu cha kwanza cha Samweli chenyewe kinamweleza msomaji kwamba yule anayeitwa nabii hapo zamani aliitwa mwonaji. Lakini ukichunguza fani ya usemi wa manabii, utabaini kwamba kazi yao kuu ni ya ujumbe. Nabii hufungua kauli yake kwa kumtaja aliyemtuma, sawa na tarishi aliyesimama ugenini na kutangaza neno la bwana wake. Amiri wa Ashuru aliyesimama nje ya ukuta wa Yerusalemu alitumia muundo uo huo kutangaza amri ya mfalme Senakeribu. Hii ina maana kwamba nabii hakuingia ikulu kama raia mwenye malalamiko. Aliingia kama mjumbe wa mfalme mkuu zaidi, na mfalme wa duniani akajikuta katika nafasi ya kibaraka anayesomewa barua ya mkubwa wake.

Wala jambo hili halikuwa la Waebrania peke yao. Barua zilizofukuliwa katika magofu ya mji wa Mari, kando ya mto Frati, zinaonyesha kwamba katika karne ya 18 K.K. mfalme Zimri-Lim alipelekewa taarifa za watu waliodai kupewa ujumbe na miungu. Baadhi ya taarifa hizo ziliambatana na unywele na pindo la vazi la mnenaji, ili ukweli wa neno lake upimwe kwa ramli. Ni bayana basi kwamba tatizo la kumpima msemaji wa Mungu ni kongwe kuliko ufalme wa Israeli. Upekee wa maandiko ya Waebrania umo katika namna yanavyolishughulikia tatizo hilo. Badala ya kuuthibitisha ujumbe kwa unywele na pindo la vazi, yanasimulia hadithi zinazomfunza msikilizaji kupima mwenyewe.

Sheria ya Musa ilikuwa na kipimo chake. Kumbukumbu la Torati, katika sura ya 18, linasema kwamba neno lisilotimia halikutoka kwa Bwana. Kipimo hicho ni sahihi, ila kina udhaifu mmoja mkubwa kwa mtawala: kinachelewa. Mfalme anayeulizwa iwapo apeleke jeshi vitani hana nafasi ya kungoja mwisho wa vita ndipo ajue nabii yupi alisema kweli. Anapaswa kuamua leo. Kwa hivyo hadithi za manabii na wafalme zinaweza kusomwa kama jitihada ndefu ya kujibu swali ambalo sheria iliacha bila jibu kamili.

Hakuna kisa kinacholiweka swali hili wazi kuliko kile cha Mikaya mwana wa Imla, katika sura ya 22 ya Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. Mfalme Ahabu wa Israeli anataka kuutwaa mji wa Ramoth-Gileadi, na anamwomba Yehoshafati wa Yuda waandamane. Manabii wapatao 400 wanakusanywa, na wote kwa sauti moja wanatabiri ushindi. Mmoja wao, Sedekia mwana wa Kenaana, anajitengenezea pembe za chuma kuonyesha jinsi adui atakavyosukumwa. Yehoshafati, ambaye umoja huo haumtulizi, anauliza kama hakuna nabii mwingine. Ahabu anakiri kwamba yupo mmoja, ila anamchukia kwa sababu hamtabirii mema. Tarishi anayetumwa kumwita Mikaya anamshauri njiani alinganishe neno lake na la wenzake. Mikaya anapofika anafanya hivyo hasa: anamwambia mfalme apande, atafanikiwa.

Hapo ndipo ustadi wa masimulizi haya unapodhihirika. Ujumbe ni ule ule uliotolewa na wale 400, lakini mfalme anautambua papo hapo kuwa si wa kweli. Anamkemea Mikaya na kumwapisha aseme kweli. Kejeli hii ina mengi ya kufunza. Kauli iliyompendeza Ahabu vinywani mwa watu 400 inamkera ikitoka kinywani mwa mtu mmoja, kwa kuwa anajua fika kwamba mtu huyo hasemi ili apendwe. Kwa maneno mengine, mfalme anao uwezo wa kupambanua tangu mwanzo. Kinachokosekana ni utashi. Mikaya anapotoa maono yake ya Israeli waliotawanyika milimani kama kondoo wasio na mchungaji, Sedekia anampiga kofi na mfalme anaamuru atiwe gerezani kwa mkate na maji ya dhiki. Kisha Ahabu anakwenda vitani akiwa amejibadilisha asitambulike, hatua ambayo yenyewe ni ungamo kwamba neno la Mikaya lilimwingia. Mshale uliorushwa bila kulenga unampata kati ya viungo vya deraya yake.

Msomaji anaweza kuhitimisha hapa kwamba nabii wa kweli ni yule anayetabiri mabaya, na kwamba kila anayemfariji mtawala ni mwongo. Hitimisho hilo lingekuwa la haraka. Mwaka 701 K.K. jeshi la Senakeribu liliizingira Yuda, na nabii Isaya alimwambia mfalme Hezekia asiogope, kwani Yerusalemu haungeingiwa. Mji haukuingiwa. Hata kumbukumbu za Senakeribu mwenyewe, zinazojigamba kwa miji mingi ya Yuda aliyoiteka na kodi kubwa aliyotozwa Hezekia, hazidai kwamba aliutwaa mji huo. Isaya aliufariji utawala, na alikuwa nabii wa kweli.

Zaidi ya miaka 100 baadaye, katika enzi ya mfalme Sedekia wa Yuda, nabii Hanania wa Gibeoni alisimama hekaluni akatoa faraja ya aina iyo hiyo. Alisema kwamba nira ya Babeli imevunjwa, na kwamba vyombo vya hekalu na watu waliohamishwa vitarejea katika muda wa miaka miwili. Akaichukua nira ya mti aliyokuwa ameivaa Yeremia shingoni, akaivunja mbele ya umati. Maudhui ya Hanania yalikuwa ya Isaya kwa kila hali: Mungu anaulinda mji wake, adui atarudi nyuma. Lakini safari hii maneno yalikuwa ya uongo. Yamkini Hanania aliamini kwa dhati alichokisema, kwani alikuwa akirudia imani iliyokwisha kuthibitishwa na historia. Kosa lake lilikuwa kuukariri ujumbe wa jana na kuupa majira ya leo. Mjumbe asiyesikiliza upya, hata akiwa na nia njema, huishia kupeleka barua ya zamani kwa mtu mpya.

Iwapo basi si faraja wala lawama inayomtambulisha nabii, ni nini? Visa hivi, vikisomwa kwa pamoja, vinatoa vigezo vitatu ambavyo mfalme angeweza kuvitumia kabla ya matokeo kujulikana.

Kigezo cha kwanza kinahusu mkate. Maandiko yanarejelea mara kwa mara suala la nani anamlisha nabii. Wakati wa Eliya, manabii wa Ashera 400 wanatajwa kuwa walikula mezani pa Malkia Yezebeli. Nabii Mika aliwashutumu manabii waliotangaza amani kwa aliyewatia kitu kinywani na vita kwa aliyewanyima. Amosi, mchungaji na mtunza mikuyu kutoka Tekoa, alipotabiri dhidi ya nyumba ya Yeroboamu katika madhabahu ya Betheli, kuhani Amazia alimwambia arudi Yuda akale mkate wake huko. Amosi alijibu kwamba hakuwa nabii wa kazi, na kwamba alitwaliwa alipokuwa akilifuata kundi. Jibu hilo ni la kiuchumi kabla ya kuwa la kiroho: ana shughuli nyingine inayomlisha, hivyo tishio la kumnyima mkate halina makali.

Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba kigezo hiki hakimtaki nabii akae mbali na ikulu. Nathani aliingia na kutoka kwa Daudi. Hulda, nabii mwanamke aliyeulizwa na wajumbe wa mfalme Yosia karibu mwaka 622 K.K. baada ya kitabu cha sheria kuonekana hekaluni, alikuwa mke wa mtunza mavazi, na maandiko yanaitaja kazi hiyo bila haya yoyote. Ukaribu na mamlaka si dhambi. Hatari huanza pale riziki ya msemaji inapotegemea furaha ya msikilizaji.

Kigezo cha pili ni haki ya mnyonge. Nabii anapomwendea mfalme, kwa kawaida nyuma yake yupo mtu asiyeweza kuingia ikulu. Nyuma ya Eliya katika kisa cha shamba la mizabibu la Yezreeli yupo Naboti, aliyekataa kuuza urithi wa baba zake, akashtakiwa kwa ushahidi wa uongo na kupigwa mawe, huku barua za kumwangamiza zikiwa zimetiwa muhuri wa mfalme. Nyuma ya Yeremia anapomlaumu Yehoyakimu wapo vibarua waliojenga jumba lenye madirisha mapana na kupakwa rangi nyekundu, bila ujira. Yeremia anamkumbusha mfalme huyo kwamba baba yake Yosia pia alikula na kunywa, lakini aliamua kesi za maskini, na kwamba kufanya hivyo ndiko kumjua Mungu.

Nyuma ya Nathani yupo Uria Mhiti, askari aliyeuawa kwa hila ili mkewe atwaliwe na Daudi. Mbinu ya Nathani inastahili kuzingatiwa na kila mwanafunzi wa fasihi simulizi. Hamshambulii mfalme. Anamletea shauri la tajiri mwenye mifugo tele aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake wa pekee, aliyelelewa pamoja na watoto na kulala kifuani pa mwenyewe, ili amkirimu mgeni. Daudi, ambaye kama mfalme ndiye hakimu, anawaka hasira na kutoa hukumu. Ndipo Nathani anapomwambia, kwa kauli ya maneno mawili tu katika Kiebrania, kwamba mtu huyo ni yeye. Wasomaji wanaoijua Kurani watakumbuka sura ya Sad, ambamo mahasimu wawili wanaruka ukuta na kumjia Daudi katika mihrabu na shauri la kondoo tisini na tisa dhidi ya mmoja. Humo Daudi mwenyewe ni nabii, na kisa cha mke wa Uria hakitajwi. Lakini humo pia anatambua, baada ya kuamua, kwamba ni yeye aliyekuwa akijaribiwa. Fumbo lina uwezo ambao lawama haina: humfanya mtawala aitumie dhamiri yake kabla hajapata nafasi ya kuitetea nafsi yake.

Kigezo cha tatu hakizungumziwi sana, nacho ni utayari wa nabii kusahihishwa. Daudi alipomweleza Nathani azma yake ya kujenga hekalu, Nathani alimwambia afanye yote yaliyo moyoni mwake. Usiku ule ule neno likamjia nabii kwamba Daudi hatajenga, na kesho yake ilimlazimu arudi kumwambia mfalme kinyume cha alichosema jana. Vivyo hivyo, Hanania alipoivunja nira, Yeremia hakumrushia laana papo hapo. Alisema aliitamani sana faraja hiyo iwe kweli, kisha akaenda zake. Ni baadaye tu, baada ya neno kumjia, ndipo aliporudi. Nabii wa kweli anajua tofauti kati ya rai yake na ujumbe aliopewa. Anayedai kwamba kila neno litokalo kinywani mwake ni la Mungu amejitangaza kuwa mtumaji, ilhali yeye ni mtumwa tu.

Baadhi ya wahakiki wanaweza kupinga kwamba vigezo hivi ni vya kujitungia. Watasema kwamba visa vya wafalme viliandikwa na kuhaririwa baada ya matukio, na kwamba ni rahisi kumtambua nabii wa kweli ukishajua nani alishinda. Hoja hiyo ina uzito, lakini inakabiliwa na ushahidi wa matini yenyewe. Wahariri waliotaka tu kuwatukuza washindi wangeyafuta makosa ya Nathani. Wangerekebisha pia neno la Hulda, aliyemwahidi Yosia kwamba angekusanywa kaburini mwake kwa amani, ilhali sura inayofuata inasimulia jinsi Yosia alivyouawa na Farao Neko huko Megido, mwaka 609 K.K. Hawakulifuta neno hilo wala kumvua Hulda cheo cha nabii. Ni dhahiri kwamba hata kwao kutimia kwa utabiri hakukuwa kipimo pekee.

Fauka ya hayo, visa hivi vinaonyesha kwamba kupatikana kwa nabii wa kweli hakutoshi. Wafalme wanne waliosikia neno walilipokea kwa njia nne. Daudi alikiri. Yosia alirarua mavazi yake na kuanza marekebisho. Yehoyakimu aliketi mbele ya moto katika nyumba yake ya wakati wa baridi, na kila kurasa chache za gombo la Yeremia ziliposomwa, akazikata kwa kisu cha mwandishi na kuzitupa motoni. Baruku aliliandika gombo upya, na maneno mengine mengi yakaongezwa. Wa nne, Sedekia, ndiye mhusika wa kusikitisha kuliko wote. Alimwita Yeremia kwa siri, akamuuliza neno, akalipata waziwazi: ajisalimishe kwa Wababeli, na mji hautateketezwa. Kisha akamwomba nabii asiwaambie wakuu waliyoyazungumza. Aliwaogopa maofisa wake, akaogopa kudhihakiwa na Wayahudi waliokwisha kujisalimisha. Yerusalemu uliteketea karibu mwaka 586 K.K., na jambo la mwisho ambalo Sedekia aliliona kabla ya kupofushwa ni kuuawa kwa wanawe. Hakukosa mwongozo. Alikosa ujasiri wa kuonekana akiufuata.

Mjadala huu unaigusa Kenya kwa njia ya moja kwa moja, kwa kuwa viongozi wa dini nchini wameyatumia maandiko haya haya kuzungumza na watawala. Mwaka 1987, wakati wa mabishano kuhusu upigaji kura wa mlolongo, Askofu David Gitari wa Kanisa la Kianglikana alihubiri juu ya Danieli, mtumishi wa wafalme wa kigeni asiyeweza kununuliwa, na mahubiri hayo yakazua ghadhabu miongoni mwa wanasiasa. Mnamo Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Kanisa Katoliki jijini Nairobi alikataa fedha ambazo wanasiasa, akiwemo Rais, walikuwa wametoa katika parokia moja ya jiji hilo. Mtu anaweza kuafikiana au kutoafikiana na hatua hizo, lakini msomaji wa Mika na Amosi hatashindwa kuona kwamba kigezo cha mkate bado ni hai. Kwa upande mwingine, si kila anayejiita nabii na kuwalaani wenye mamlaka jukwaani ana Naboti nyuma yake. Wengine wamehama tu kutoka meza moja hadi nyingine.

Hatimaye ipo nafasi ya wale ambao si manabii wala wafalme, nayo ndiyo nafasi ya wasomi wa fasihi. Yeremia alipokaribia kuhukumiwa kifo kwa kutabiri dhidi ya hekalu, baadhi ya wazee wa nchi walisimama na kukumbusha kwamba katika siku za Hezekia nabii Mika alisema maneno kama hayo, na mfalme hakumuua bali alimcha Mungu. Kumbukumbu hiyo, pamoja na ulinzi wa Ahikamu mwana wa Shafani, ilimwokoa Yeremia. Nabii mwingine, Uria mwana wa Shemaya, alitoa ujumbe ule ule chini ya mfalme yule yule. Hakuna anayetajwa kumtetea, na akaletwa kutoka Misri alikokimbilia akauawa kwa upanga. Wazee wale hawakuona maono yoyote. Walihifadhi tu kisa cha zamani na kukitoa siku kilipohitajika. Anayefundisha na kuhifadhi hadithi za waliosema kweli mbele ya wenye nguvu anafanya kazi ya wazee hao, na hawezi kujua ni maisha ya nani atakayoyaokoa.